Gari Halipigi Stata: Tafuta Umeme Unapopotelea Kabla Hujanunua Kitu

Umezungusha ufunguo hadi mwisho na injini haikusogea. Labda ni kimya kitupu, labda umesikia "tak" moja, labda "tatatata" kama cherehani. Tatizo hili halifanani na lile la injini inayozunguka vizuri ila inagoma kuwaka. Ikizunguka bila kuwaka, unatafuta mafuta, plagi, koili au sensa. Isipozunguka, yaache yote hayo. Pampu ya mafuta hata ikiwa imekufa haiwezi kuizuia stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini, kufanya kazi. Anayechanganya mambo haya mawili huishia kubadilisha plagi kwenye gari ambalo teminali ya betri, yaani kiungio cha waya na betri, imelegea.

Kosa la pili, nalo ni la gharama zaidi, ni kununua betri au stata kwa kubahatisha. Vyote viwili hulaumiwa sana, na mara nyingi bure. Mita ya kawaida ya kupima umeme na nusu saa ya utulivu vitakuonyesha kilichoharibika.

Njia nene na njia nyembamba

Umeme wa kupiga stata hupita njia mbili. Njia nene huanza kwenye chanya ya betri, hupita kwenye waya mnene hadi solenoidi (swichi ya sumaku ya umeme) iliyo mgongoni mwa stata, huingia ndani ya stata, hutokea kwenye chuma cha injini na kurudi kwenye hasi ya betri kupitia waya wa ethi. Injini ndogo ya petroli huvuta hapa kama ampea 100 hadi 200. Ya dizeli huzidi hapo kwa mbali, kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa.

Njia nyembamba ni ya kupeleka amri tu. Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama ya gia au klachi, na rilei (swichi ndogo inayofungwa kwa umeme), kisha hufika kwenye kile kiwaya kidogo cha solenoidi. Mpangilio hutofautiana gari kwa gari, lakini kazi ni ileile: kuiambia solenoidi ifunge njia nene. Kwenye stata nyingi teminali ya waya mnene huandikwa 30, na ile ya kiwaya cha amri huandikwa 50. Zikariri, tutazirudia.

Swali la kwanza basi ni hili: ni amri isiyofika, au ni nguvu isiyofika? Masikio na taa hukujibu kabla hata hujafungua boneti.

Sikiliza huku ukitazama taa

Washa taa za mbele, uelekee ukuta au mtu asimame mbele, kisha piga stata.

Kukiwa kimya na taa zikabaki kali vilevile, hakuna kitu kinachovuta umeme. Amri haikufika kwenye stata, au imefika na solenoidi imekufa. Nenda kwenye sehemu ya njia nyembamba hapa chini.

Kukiwa kimya na taa zikazimika kabisa, kisha zikarudi ukiachia ufunguo, mara nyingi ni teminali ya betri iliyolegea au iliyoota kutu. Kiunganishi kibovu kinaweza kupitisha ampea chache za taa, lakini ampea 150 hazipiti.

"Tak" moja nzito na taa zinabaki kali: solenoidi imeruka lakini stata haikupata umeme. Shaba za ndani ya solenoidi zimeungua, au brashi za stata (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) zimekwisha. "Tak" moja na taa zinafifia sana: umeme unavutwa lakini kuna kitu kimekwama, au betri imechoka mno. Ukisikia stata ikizunguka kwa kasi, mlio mwembamba kama wa kinu cha umeme, na injini imetulia tu, basi meno ya pinioni (gia ndogo ya stata) hayashiki flaiwili (gurudumu la meno la injini). Hapo betri ni nzima, usiiguse.

Halafu kuna ile "tatatata". Watu husema solenoidi imekufa, kumbe yenyewe ndiyo inayojitahidi. Ndani yake mna koili mbili: moja ya kuvuta, yenye nguvu nyingi, na nyingine ya kushikilia. Ukizungusha ufunguo, zote mbili huvuta chuma cha kati, shaba hugusana, na stata hupata umeme. Papo hapo stata inataka ampea nyingi, betri iliyochoka haiwezi kuzitoa, na volti zinaporomoka. Koili ya kushikilia inakosa nguvu, chuma kinaachia, shaba zinatengana. Mzigo ukiondoka, volti zinapanda tena, chuma kinavutwa tena. Hivyo hivyo mara kadhaa kwa sekunde. Mlio huo ni wa betri dhaifu au kiunganishi kibaya, karibu kila mara. Ukibadilisha stata kwa sababu ya mlio huo, utausikia tena kwenye stata mpya.

Pima betri, lakini usiamini volti za kupumzika peke yake

Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, kiwango cha 20. Kama gari lilikuwa barabarani au kwenye chaji muda si mrefu, washa taa za mbele dakika mbili, zima, subiri kama dakika kumi. Bila hivyo utasoma chaji ya juujuu ambayo haina nguvu yoyote nyuma yake.

Betri ya kawaida ya asidi na risasi, ikiwa imejaa, husoma kama 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Ikikaa kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa, kwa kuwa seli ziko sita na kila moja hutoa volti 2.1. Betri hiyo haiponi. Iliyovimba, iliyopasuka au iliyoganda kwa baridi usiichaji wala usiijampu, yaani usiiazime umeme wa betri ya gari jingine.

Sasa kipimo chenye maana. Gusisha ncha za mita kwenye nguzo za risasi zenyewe, zile zinazotokeza kwenye betri, si kwenye vibano vya waya. Mwenzako apige stata kwa sekunde tatu nawe utazame namba.

Ikibaki juu ya 10 na injini inazunguka, betri haina neno. Ikishuka chini ya 9.6 katika hali ya joto la kawaida, betri haina chaji au imezeeka. Ichaji hadi ijae, ipime tena, na ikishuka tena vilevile, badilisha.

Usomaji ambao wengi huupuuza ni ule usioshuka. Unapiga stata, kuna kimya au "tak", na mita inaendelea kusema 12.5. Mtu hufurahi kwamba betri ni nzuri na hapo hapo anaishia. Lakini namba hiyo imekupa habari kubwa kuliko hiyo: kama volti hazikushuka, hakuna umeme uliotoka. Njia imekatika mahali fulani kati ya nguzo ya betri na stata, au ndani ya stata yenyewe, au amri haijafika. Umeshafuta nusu ya maswali.

Teminali na ethi

Usiruhusu macho yakuhukumie teminali. Uozo mbaya zaidi hauko nje, kwenye ule unga mweupe au wa kijani. Uko kati ya kibano na nguzo, tabaka jembamba jeusi ambalo huwezi kuliona mpaka ufungue. Shika kibano kwa mkono ukizungushe. Kikisogea hata kidogo, umepata mgonjwa wako wa kwanza.

Fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Sababu ni rahisi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti ya betri nzima kupitia spana uliyoishika. Vua pete na saa ya chuma. Changanya kijiko kimoja cha magadi soda na kikombe cha maji, mimina kidogo kwenye kutu, acha itokote na kutoa povu, kisha suuza kwa maji safi. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa, kwa sababu magadi yakiingia ndani yanaua asidi ya betri. Kausha. Sugua nguzo na ndani ya kibano kwa brashi ya waya au msasa mpaka uone risasi inayong'aa kama sarafu mpya. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi ni ya kuzuia unyevu isiingie. Haipakwi katikati ya nguzo na kibano.

Ethi ina tabia ya kusahaulika kwa sababu haionekani kama sehemu ya stata. Waya mmoja hutoka hasi kwenda kwenye bodi, na mwingine huunganisha bodi au betri na injini. Kutu, rangi au boliti iliyolegea upande wa injini inatosha kuizima stata kabisa, huku redio na taa zikifanya kazi kama kawaida. Kipimo chake cha haraka hakihitaji hata mita: chukua waya mmoja wa kujampia, funga ncha moja kwenye hasi ya betri na ya pili kwenye chuma tupu cha injini, kisha piga stata. Ikipiga, tatizo ni ethi.

Kwa mita unapata jibu kamili. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye mwili wa stata, mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, ethi inapoteza umeme. Upande wa chanya, weka ncha moja kwenye nguzo ya chanya na nyingine kwenye boliti ambapo umeme unaingia kwenye stata baada ya kupita solenoidi. Ukizidi volti 0.5, kuna upotevu. Hamisha ile ncha ya pili hatua moja kuelekea betri: boliti ya 30, kisha kichwa cha waya, kisha kibano. Namba ikiruka ghafla kati ya hatua mbili, hapo katikati ndipo umeme unapopotelea. Kipimo hiki hakina maana stata isipokuwa inajaribu kuvuta, kwa hiyo usisome huku ufunguo umezimwa. Kama injini inazunguka polepole, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili isiwake wakati mikono yako iko karibu na mikanda. Na usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishe angalau nusu dakika, maana inapata joto haraka sana.

Kujampu bila kuharibu kitu

Kujampu ni huduma ya kwanza na ni kipimo pia. Betri zote mbili ziwe za volti 12. Lori la mfumo wa volti 24 litakuchomea vifaa vya gari dogo. Nyaya nyembamba ndizo huwafanya watu waseme "hata kujampu kumeshindikana". Kwa petroli ndogo tafuta zenye shaba ya milimita 16 za mraba, na kwa dizeli 25 au zaidi.

1. Magari yasigusane, yote yazimwe, gia iwe nyutro au P, breki ya mkono ivutwe.
2. Nyekundu kwenye chanya ya betri tupu, kisha ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya nyeusi kwenye chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche hutokea hapa, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, ndiyo maana hatumalizii kwenye betri.
5. Washa gari zima, subiri dakika tano au kumi, ndipo upige stata ya gari bovu.
6. Likiwaka, toa nyaya kwa mpangilio wa kinyume.

Likipiga mara moja, tafuta kwa nini betri iliisha. Lisipopiga kabisa na nyaya zako ni nene na zimeshika vizuri, betri inaanza kutoka kwenye orodha ya washukiwa.

Gari la gia za kawaida unaweza kulisukuma: washa ufunguo, tia gia ya pili, achia klachi mwendo ukikolea. La otomatiki huwezi, usijichoshe.

Amri isiyofika

Anza na mambo ya sekunde moja. Otomatiki: hamisha mkono wa gia kutoka P kwenda N, kanyaga breki, piga stata. Ikikubali kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya gia imechakaa au imehama mahali pake. Gia za kawaida: kanyaga klachi hadi sakafuni, na uangalie kama kapeti limejikunja chini ya pedali, kwa sababu swichi ya klachi inataka pedali ifike mwisho. Gari la kubonyeza kitufe linataka swichi ya breki. Mtu asimame nyuma atazame taa za breki. Zisipowaka, fyuzi yake au swichi yake ndiyo inayokuzuia.

Taa ya ufunguo au kufuli ikiwaka au kumetameta kwenye dashibodi, mfumo wa kuzuia wizi haujautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba. Kwa kitufe, gusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe au mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Kibetri chake, mara nyingi CR2032 ya volti 3, kinaweza kuwa kimeisha.

Baada ya hapo fungua sanduku la fyuzi. Fyuzi ya stata ipimwe kwa mita pande zote mbili, maana nyingine huonekana nzima na imekatika chini. Rilei ya stata aghalabu ina ndugu yake wa aina moja kabisa kwenye sanduku hilohilo, kwa mfano ya honi. Linganisha namba zilizoandikwa juu, zibadilishane, jaribu. Gari likipiga, umemaliza. Lisipopiga, chomoa rilei upime tundu lake, ambalo lina namba zake lenyewe, tofauti na zile za stata: 30 ya hapo iwe na volti za betri, na kati ya 85 na 86 zitokee volti 12 mwenzako anapozungusha ufunguo. Zisipotokea, rudi nyuma hadi swichi ya gia na swichi ya ufunguo. Zikitokea, na rilei ni nzima, waya kutoka 87 kwenda kwenye stata ndio wa kufuatilia.

Mwisho wa njia hii ni teminali 50. Ncha moja ya mita hapo, nyingine kwenye mwili wa stata, mwenzako apige. Ukiona zaidi ya volti 10 na stata iko kimya, wakati 30 nayo ina umeme na ethi umeshaithibitisha, stata imekufa na hakuna tena cha kubishania. Ukiona volti 7 au 8 tu, kuna swichi au kiunganishi kilichochakaa njiani, na solenoidi itakuwa inaruka leo, kesho inagoma.

Kuna wanaounganisha 30 na 50 kwa bisibisi wakiwa wamelala chini ya gari. Usifanye hivyo. Njia hiyo inaruka swichi zote za usalama, na gari likiwa kwenye gia litakupanda.

Stata yenyewe

Kuigonga kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akipiga kunaweza kuiamsha, kwa sababu brashi zilizokwisha husogea kidogo na kugusa tena. Ikiamka hivyo, ichukulie kuwa imekwisha. Itakuwakia mara chache tu. Gonga mwili wake kwa wastani, maana nyingine zina sumaku ndani na sumaku hupasuka.

Kabla ya kuifungua, toa hasi ya betri. Waya wa 30 una umeme muda wote, na kwenye magari mengi hauna fyuzi kabisa. Stata ikiwa mezani, ibane kwenye jiliwa, maana hujirusha ikianza. Chanya kwenye 30, hasi kwenye mwili, kisha gusisha kiwaya kutoka 30 hadi 50 kwa sekunde moja au mbili. Pinioni itokeze kwa nguvu na izunguke. Ikitokeza bila kuzunguka, fungua uone brashi na zile shaba za solenoidi. Mara nyingi hivyo viwili hubadilishwa peke yake bila kununua stata nzima. Ukiwa hapo, mulika tochi kwenye tundu la stata utazame meno ya flaiwili, huku mwenzako akizungusha injini polepole kwa mkono. Meno yaliyoliwa sehemu moja tu hueleza kwa nini gari hupiga siku nyingine na siku nyingine hupiga kelele tupu.

Injini iliyokwama

Kama betri, nyaya na stata ni vizima lakini bado ni "tak" na taa kufifia, toa hasi ya betri, tia nyutro, weka soketi ndefu kwenye boliti ya puli ya kranki (mhimili mkuu wa injini) na uzungushe kuelekea upande injini inaozunguka kwa kawaida. Inapaswa kwenda kwa nguvu ya mkono mmoja au miwili, ikibana na kuachia.

Isipokwenda, toa mkanda wa nje ujaribu tena. Kompresa ya kiyoyozi au alternata (mtambo wa kuchaji betri) iliyokwama inaweza kuifunga injini. Bado ngumu? Toa plagi zote. Maji au mafuta yakitoka kwenye tundu, silinda ilijaa kimiminika, na kimiminika hakigandamiziki. Gari lililopita kwenye maji mengi lisipigwe stata hata mara moja kabla ya hatua hii, maana stata ina nguvu ya kutosha kupinda konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki). Ikiwa hata bila plagi haisogei, acha kulazimisha, injini inafunguliwa.

Likishapiga

Injini ikiwa inawaka, pima betri tena: volti 13.8 hadi 14.7 ni alternata inayofanya kazi, ingawa baadhi ya magari mapya huishusha chaji kwa makusudi. Ikibaki 12 na inaendelea kushuka, hata betri mpya itaisha safarini.

Chaji ikiwa sawa na betri bado inalala, pima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Funga milango, weka mita ya ampea kati ya hasi na waya wake, kisha subiri kompyuta za gari zilale, hata ikichukua muda wa saa nzima. Zaidi ya ampea 0.05 kuna kinachokula. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Wala usipige stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake ya ndani itakatika papo hapo.